Reynold Johnson: Mwalimu aliyeipa tarakilishi kumbukumbu

KILA mtu anapowasha tarakilishi na kuzikuta barua, picha na hesabu zake pale pale alipoziacha jana, huwa anavuna matunda ya kazi iliyoongozwa na mwalimu wa sayansi kutoka kijiji kidogo cha jimbo la Minnesota, Marekani.

Marehemu Reynold B. Johnson, aliyeaga dunia Septemba 15, 1998 akiwa na umri wa miaka 92, ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikosi kilichounda diski ngumu ya kwanza duniani, katika maabara ya kampuni ya IBM mjini San Jose, California. Wahandisi wa fani hiyo humtaja hadi leo kama baba wa diski.

Maswali aliyokumbana nayo miaka ya hamsini ndiyo yale yale yanayowasumbua wasimamizi wa mitambo ya benki, hospitali na vyuo vikuu hivi leo. Mashine inayozunguka mchana na usiku bila kupumzika itaaminiwa vipi? Ni nini kitakachozuia kichwa cha kusoma kisikwaruze diski? Na joto likipanda, chuma kikatanuka, je, rekodi zitapatikana mahali pake?

Majibu aliyoyapata hayakuwa ya kudumu, lakini yalitosha kufungua njia. Sehemu kubwa ya yaliyofuata katika historia ya kuhifadhi data ni jitihada za kuyaboresha.

Utoto na penseli

Johnson alizaliwa Julai 16, 1906 katika kijiji cha Kingston, Minnesota, katika familia yenye asili ya Uswidi. Tangu utotoni alipenda kuchokoachokoa mitambo, na mara nyingine utundu wake uliwaletea wengine hasara.

Inasimuliwa kwamba vijana walipokuja na magari yao kuwatembelea dada zake, yeye alinyemelea injini na kuchora mistari ya penseli juu ya plagi. Grafiti iliyomo ndani ya penseli hupitisha umeme, hivyo cheche ilipotea njiani na gari likakataa kuwaka.

Mzaha huo ulimwachia somo ambalo hakulisahau. Mnamo 1929 alihitimu katika Chuo Kikuu cha Minnesota, alikosomea usimamizi wa elimu, kisha akaenda kufundisha sayansi katika shule ya upili mjini Ironwood, jimbo la Michigan.

Kama walimu wote wa kila zama, alichoshwa na kazi ya kusahihisha mitihani. Akawaza kuunda mashine itakayotambua alama za penseli kwenye karatasi ya majibu kwa kupitisha umeme ndani ya alama hizo, na kumpa mtahiniwa alama zake papo hapo.

Wazo lilikuwa jepesi lakini utekelezaji ulikuwa na mwiba. Mwanafunzi mmoja hukandamiza penseli hadi karatasi ikakaribia kutoboka, mwingine hugusa tu. Alama nzito hupitisha umeme mwingi, hafifu hupitisha kidogo. Mashine ingewezaje kuwatendea haki wote wawili?

Johnson hakuhangaika kuwafundisha wanafunzi kuandika kwa namna moja. Badala yake aliweka ndani ya mashine kinga zenye ukinzani mkubwa mno wa umeme, kiasi kwamba tofauti kati ya alama nzito na hafifu ikawa si kitu. Mbele ya ukinzani huo, alama zote zilihesabiwa sawa.

Mbinu hiyo ndiyo iliyokuja kutambulisha kazi zake zote. Hakusubiri ulimwengu uwe kamilifu ndipo aunde mashine. Aliunda mashine inayovumilia kasoro za ulimwengu.

Wakati huo Marekani ilikuwa imekumbwa na mdororo mkubwa wa uchumi, na kazi ya ualimu ilikuwa imemponyoka. Uvumbuzi wake ndio uliomwokoa. Mnamo 1934 kampuni ya IBM ilinunua haki za mashine hiyo na kumwajiri kama mhandisi katika maabara yake ya Endicott, jimbo la New York.

Mnamo 1937 mashine hiyo ilitolewa sokoni kwa jina IBM 805. Teknolojia ya baadaye iliacha kutumia umeme na kusoma alama kwa mwanga, lakini desturi ya mtahiniwa kuweka alama kwa penseli ili mashine isahihishe ilisambaa kote duniani. Mamilioni ya Wakenya waliofanya mtihani wa KCPE kati ya 1985 na 2023, wakipaka penseli kwenye karatasi za majibu kwa uangalifu mkubwa, walikuwa wanafuata nyayo za mwalimu huyo bila kumjua.

Safari ya San Jose

Kwa takriban miaka 18 Johnson alifanya kazi Endicott, akijipatia hataza moja baada ya nyingine. Kisha, mwaka wa 1952, wakubwa wake wakamtuma upande wa pili wa nchi, aanzishe maabara ndogo California na kuajiri watu wasiozidi 50.

Alikodi jumba nambari 99 katika barabara ya Notre Dame, San Jose. Wakati huo bonde hilo lilisifika kwa mashamba ya matunda. Hakuna aliyedhani kwamba siku moja lingekuwa kitovu cha teknolojia ya dunia nzima.

Johnson aliendesha maabara kwa utaratibu usio wa kawaida. Kila mhandisi alitakiwa kuijua miradi ya wenzake. Mwenzako alipokuomba msaada, kumsaidia kulitangulia kazi yako mwenyewe. Kwa njia hiyo tatizo la mmoja liligeuka kuwa tatizo la wote.

Tatizo kubwa lilikuwa hili. Kampuni na idara za serikali ziliweka rekodi zao kwenye kadi za karatasi zilizotobolewa matundu. Ili kujua idadi ya bidhaa ghalani, karani alilazimika kuisaka kadi moja miongoni mwa maelfu, kuirekebisha na kuirudisha mahali pake. Kadi ikirudishwa pasipofaa, rekodi ilikuwa imepotea.

Utepe wa sumaku ulikuwapo, lakini ulisomwa kwa zamu tangu mwanzo hadi mwisho. Aliyetaka rekodi ya katikati alingoja utepe uzunguke. Jeshi la anga la Marekani lilikuwa miongoni mwa waliotafuta namna ya kuifikia rekodi yoyote moja kwa moja ili kudhibiti bohari zake.

Kikosi cha Johnson kilipima njia nyingi: mapipa ya sumaku, nyaya, fito na mabamba. Hatimaye kiongozi huyo akaamua kushika njia ya diski nyingi zilizopangwa katika mhimili mmoja. Hesabu ilikuwa wazi. Pipa hutumia ngozi yake ya nje tu, ilhali diski zilizopangwa kama sahani kabatini zina nyuso mbili kila moja, na nafasi inayopotea ni ndogo.

Hewa iliyobeba kichwa

Uamuzi huo uliwatia wengi shaka, na shaka yao ilikuwa na msingi. Diski yenye upana wa sentimita 61 haiwezi kunyooka kikamilifu. Inapozunguka, hupandashuka kama wimbi. Kichwa cha kusoma kikikaa mbali, hakisomi kitu. Kikikaribia mno, kitagusa utando wa sumaku na kuukwangua, na data iliyoandikwa hapo haitarudi tena.

Jibu lilikuwa hewa. Kompresa ilisukuma hewa iliyoshindiliwa kupitia matundu madogo ya kichwa, ikafanya mto mwembamba kati yake na diski. Kichwa kilielea juu ya mto huo kwa umbali wa takriban milimita 0.02, ambao ni mdogo kuliko unene wa unywele. Diski ilipoinuka, kichwa kiliinuka nayo. Iliposhuka, kilishuka nayo. Kwa mara nyingine Johnson na wenzake walikuwa wameikubali kasoro na kuishi nayo.

Utando wenyewe ulitengenezwa kwa rangi iliyochanganywa na oksidi ya chuma. Ili uenee sawasawa, wahandisi waliichuja rangi hiyo kwa soksi ndefu za hariri za wanawake, wakaipima kwa vikombe vya karatasi na kuimwaga karibu na kitovu cha diski inayozunguka. Nguvu ya mzunguko iliitandaza hadi ukingoni.

Februari 1954 walifaulu kwa mara ya kwanza kuandika maneno kwenye diski na kuyasoma tena. Kutoka hapo hadi kupata mashine ya kuuzwa ilichukua miaka miwili ya kurekebisha, kuvunja na kuunda upya, huku ndani ya IBM kukiwa na wasiwasi kwamba kifaa hicho kingeua biashara ya kadi iliyoilisha kampuni kwa miongo mingi.

Septemba 1956 IBM ilitangaza rasmi mtambo wa RAMAC 305 pamoja na hifadhi yake, IBM 350. Hifadhi hiyo ilikuwa na diski 50 zilizozunguka mara 1,200 kwa dakika. Katika ukingo wa diski hiyo ni kasi ya karibu kilomita 138 kwa saa, ambayo hakuna matatu inayoruhusiwa kuikaribia.

Mtambo huo wenye uzani wa zaidi ya tani moja ulibeba herufi milioni 5, ambazo leo hazitoshi kuhifadhi picha nyingi za simu ya mkononi. Wateja waliweza kuukodi kwa dola 3,200 kwa mwezi. Hata hivyo, karani aliyezoea kupekua kadi sasa aliipata rekodi yoyote kwa muda usiofika sekunde moja.

Mwaka wa 1958 RAMAC ilipelekwa kwenye maonyesho ya dunia mjini Brussels, Ubelgiji, ambako ilijibu maswali ya historia kwa lugha 10. Mwaka wa 1959 kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, Nikita Khrushchev, alizuru kiwanda cha IBM cha San Jose. Na 1960 mtambo huo ulitumika kukokotoa matokeo ya Olimpiki ya majira ya baridi iliyofanyika Squaw Valley, California. Zaidi ya mitambo 1,000 iliundwa kabla ya utengenezaji kukoma mwaka wa 1961.

Vita dhidi ya joto

Katika RAMAC ya Johnson, adui mkubwa hakuwa joto bali mguso. Nafasi kati ya njia moja ya data na nyingine ilikuwa milimita 1.27. Alumini hutanuka inapopata joto, lakini diski ya ukubwa ule ikipanda nyuzi 10 za Selsiasi husogea ukingoni kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Kichwa hakikupotea njia.

Hali ilibadilika kadiri njia zilivyosongamanishwa ili diski ibebe mengi zaidi. Mtanuko uliokuwa kitu kidogo ukawa balaa. Mfumo wa IBM 3330, uliowafikia wateja mwaka wa 1971, ulileta dawa: alama maalumu ziliandikwa kwenye diski yenyewe, na kichwa kikawa kinazifuata na kujisahihisha kila wakati. Diski ikitanuka, kichwa huifuata ilikokwenda. Katika diski za kisasa, ambazo umbali wa njia na njia haufiki sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, zisingeweza kufanya kazi bila mbinu hiyo.

Kompresa nayo ilistaafishwa. Kulisha hewa vichwa vingi kwa wakati mmoja kungehitaji mtambo mkubwa mno, ndiyo maana RAMAC ilikuwa na mkono mmoja tu uliopanda na kushuka kutoka diski moja hadi nyingine. Mnamo 1961 IBM ilitangaza hifadhi aina ya 1301, ambayo kila uso wa diski ulikuwa na kichwa chake, na vichwa vilielea kwa upepo uliozalishwa na diski zenyewe zikizunguka. Mwaka wa 1973 ikaja 3340, iliyopewa jina la utani Winchester, ambamo diski na vichwa vilifungiwa pamoja ili vumbi lisipate mwanya.

Leo joto la diski hutoka sehemu tatu: mota, saketi za elektroniki na msuguano wa hewa ndani ya kasha. Likizidi, mafuta ya mhimili na ya uso wa diski huanza kuharibika, na vipuri huzeeka kabla ya wakati. Ndiyo sababu watengenezaji wengi huweka kikomo cha nyuzi 60, na vyumba vya mitambo huwekewa feni na viyoyozi.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba kadiri diski inavyopozwa ndivyo inavyodumu. Imani hiyo ilitikiswa mwaka wa 2007, wakati watafiti wa kampuni ya Google walipochapisha matokeo ya kufuatilia zaidi ya diski 100,000. Waligundua kwamba joto la wastani halikuongeza hitilafu kama ilivyodhaniwa, na kwamba diski zilizokuwa baridi mno ziliharibika zaidi. Madhara ya joto yalionekana hasa kwa diski zilizotumika kwa miaka kadhaa na zilizopita nyuzi 45 hivi.

Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walionyesha kwamba ahadi za watengenezaji zilitia chumvi. Karatasi zao ziliahidi saa milioni 1 au zaidi kabla ya hitilafu, ikimaanisha kuwa chini ya diski moja kwa kila 100 ingeharibika kwa mwaka. Katika matumizi halisi, kiwango cha diski zilizobadilishwa kilikuwa kwa kawaida kati ya asilimia 2 na 4, na mahali pengine kilifika asilimia 13.

Jitihada za kupunguza joto ziliendelea hata hivyo. Mwaka wa 2013 zilianza kuuzwa diski zilizojazwa gesi ya heliamu badala ya hewa. Gesi hiyo ni nyepesi mno, hivyo msuguano hupungua, umeme mdogo hutumika na joto hushuka. Hewa iliyokibeba kichwa cha Johnson ilikuwa imegeuka kuwa mzigo.

Mwisho wa safari

Johnson hakuishia kwenye diski. Akiwa bado IBM, na kwa ushirikiano na kampuni ya Sony ya Japani, alichangia wazo la kutumia utepe wa video wenye upana wa nusu inchi uliofungiwa ndani ya kasha. Shabaha yake ilikuwa watoto wa shule waushike bila kuuharibu. Ualimu ulikuwa haujamtoka.

Alistaafu mwaka wa 1971 akiwa na hataza zaidi ya 90, akaanzisha kampuni yake ya vifaa vya elimu. Miongoni mwa matunda yake ni teknolojia iliyotumika katika vitabu vya watoto vinavyotoa sauti, vilivyouzwa na kampuni ya Fisher-Price.

Mwaka wa 1986 Rais Ronald Reagan alimtunuku Nishani ya Taifa ya Teknolojia. Mwaka wa 1991 taasisi ya kimataifa ya wahandisi wa umeme, IEEE, ilianzisha tuzo yenye jina lake kwa wanaoendeleza sayansi ya kuhifadhi data. Alifariki mjini Palo Alto, California, kutokana na saratani ya ngozi.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kumvisha sifa zote peke yake. Hataza ya diski yenyewe iliandikishwa kwa majina ya William Goddard na John Lynott, wahandisi wa kikosi chake, na wapo wengine kama Louis Stevens na Arthur Critchlow ambao bila wao RAMAC isingezaliwa. Sifa ya Johnson ni kwamba aliwakusanya, akachagua njia iliyodharauliwa na wengi, kisha akasimama nayo.

Wala hakuwahi kuunda diski isiyoharibika. Hakuna aliyewahi. Diski za leo zinazobeba zaidi ya terabaiti 30 huelea vichwa vyake kwa umbali wa chembechembe chache tu, na siku moja kila mojawapo itakoma. Ndiyo maana benki na hospitali zenye busara haziweki rekodi zao mahali pamoja, na familia yenye picha za harusi au hesabu za chama katika diski moja tu iko hatarini, iwe Lodwar kwenye jua kali au Limuru kwenye baridi.

Miaka michache baada ya kifo chake, kundi la wahandisi wastaafu lilianza kuifufua RAMAC moja iliyokuwa imesalia, kwanza katika Chuo Kikuu cha Santa Clara na baadaye katika makavazi ya historia ya tarakilishi mjini Mountain View. Walipovileta vichwa karibu na zile diski kuukuu zilizopakwa rangi iliyochujwa kwa soksi, baadhi ya data iliyoandikwa humo miongo kadhaa awali ilikuwa ingali inasomeka.